Hongo ya Shimo la Mwisho

Ndugu zangu, kuna aibu za kuficha, na kuna aibu ambazo hata ukizificha mji mzima unazo tayari, na yangu ni ya aina hiyo ya pili, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa sokoni, ambao kila wakiirudia wananivua nguo moja zaidi. Nguo iliyonivuka ilikuwa moja. Nawaomba mshike hapo: moja tu.

Mwingereza alikuwa bado yupo, nami nilikuwa nimerudi Tabora kukaa kwa kaka yangu mtaa wa Gongoni, kwa sababu mume wangu alikwenda kukata mkonge Tanga, akaoa huko, akasahau njia ya kurudi (njia yenyewe ni reli, haina kichochoro cha kumpoteza mtu, lakini yeye alipotea). Kaka yangu hana neno. Mwenye maneno ni mkewe, wifi yangu Mama Josefu, ambaye hakuwahi kunifukuza hata siku moja, alikuwa anauliza tu. Nikichota maji: "Wifi, hivi wewe unaoga kila siku?" Nikinyoosha mkono kwenye ugali: "Wifi, bado una njaa?" Nililala chini kwenye chumba cha watoto wake watano, mmoja wao kikojozi, na kitu nilichokiwaza usiku na mchana kilikuwa kimoja, chumba changu mwenyewe chenye mlango ninaoufunga kwa ndani.

Basi ndipo chama cha gofu cha wanawake kikaja na mpango wake. Chama kilikuwa cha wake wa wakubwa wa serikali, na mwenyekiti wao alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, memsahib mrefu tuliyempa jina la Bibi Kofia, maana kofia yake ungeweza kuanikia karanga za kaya nzima. Alikuwa na moyo mzuri, sitamsingizia, ila Kiswahili alikitoa kitabuni na kilikaa kichwani mwake kama kilivyokaa kitabuni, neno moja maana moja, basi. Akatangaza kwamba gofu si mali ya Wazungu peke yao, wanawake wa mji waje kila Jumamosi wafundishwe bure, na mwisho wa mafunzo watashindanishwa, na atakayeshinda ataajiriwa na chama awe mwalimu wa wengine, kwa mshahara.

"Sisi nataka mwanamke moja," alisema, "gofu iwe kazi yake. Hapana mchezo tu. Kazi!"

Kazi ya kupiga kijipira kwa fimbo! Wanaume wa Gongoni walicheka mpaka wakashikana mabega, na mchungaji wetu alipoulizwa kama ni dhambi alisema katazo lake hajaliona kwenye Biblia lakini anaendelea kutafuta. Mimi sikucheka. Nilisikia neno mshahara nikaona mlango, na komeo lake.

Tulianza wengi, lakini jua la Tabora mnalijua, na tena kulikuwa na sharti la kuvaa sketi na viatu, kwa hiyo wenzetu wakapukutika, huyu mguu umevimba, huyu mumewe kakataa, mpaka tukabaki wawili wa kugombea ile kazi, mimi na Mama Ester. Mama Ester alikuwa mke wa mwalimu wa shule, Mmoraviani wa kweli kweli, anayejua Kiingereza, na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo (wala akicheka, lakini hilo si kosa). Alipiga mpira taratibu, umbali mdogo, pale pale alipolenga. Mimi nilipiga kwa nguvu zote za hasira niliyokuwa nayo na watu wa Tanga, na mpira ukienda sawa ulikwenda mbali mpaka memsahib wengine wakawa wanapiga makofi.

Sasa sikilizeni uamuzi wangu mdogo, maana balaa lote lilitoka hapo. Bibi Kofia alisema siku ya mashindano kila mmoja aje na mwanamke mwenzake wa kumbebea mfuko wa fimbo. Mama Ester akaja na mdogo wake, binti mpole asiye na mdomo. Na mimi ningeweza kumpata mpole, Gongoni wako tele, lakini nikamchukua Tatu binti Kibwana, mke wa fundi wa reli, Mzaramo wa kwao hasa, kwa hiyo mtani wangu. (Kwa asiyejua mambo haya: babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na njia ikapita Uzaramo, na Wazaramo wakawazuia hapo wakidai hongo, yaani nguo na shanga za kulipia njia, wakagombana, wakazoeana, wakazikana, na sisi wajukuu tukarithi utani. Mtani akikutukana unacheka, akishika kitu chako unakikomboa, na ukikasirika mshenzi ni wewe.) Nilimchukua kwa sababu moja tu, nayo ni ya kijinga: nilitaka mji mzima uone Mzaramo kabeba mzigo wa Mnyamwezi.

Na mji ulikuja. Watu walijaa nyuma ya kamba upande mmoja, memsahib wakakaa kwenye viti upande wa pili, nami nikaanza kuringa tangu shimo la kwanza. Nilikuwa nimevaa sketi ya wifi yangu, ambaye ni mtu wa kuenea, kwa hiyo sketi ilinizunguka karibu mara mbili na niliishikilia kwa kanga niliyoikaza kiunoni kama mkanda.

"Haya mpagazi, tembea!" namwambia Tatu kwa sauti ili wale wa kambani wasikie. "Pwani bado mbali!"

Anacheka, anabeba.

"Mpagazi wangu huyu nimemnunua kwa chumvi!" watu wanacheka, naye anacheka, anabeba. Ningekuwa na akili ningejiuliza Mzaramo ananyamaza vipi muda wote huo. Mtani akinyamaza ujue anapika.

Tukafika shimo la mwisho tukiwa sawa sawa, na Mama Ester akamaliza kwa taratibu zake. Mpira wangu ulikuwa umelala karibu kabisa na shimo (uwanja wetu hauna majani penye mashimo, ni mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya gari, umelainishwa kwa reki), karibu kiasi kwamba ungeweza kuusukuma kwa pua. Nikiuingiza kwa pigo moja nimeshinda, maana kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mbele. Nikanyoosha mkono kuomba fimbo ndogo.

Tatu akauweka mfuko chini, akajongea mpaka kwenye shimo, akakaa. Ndugu zangu, alikaa kitako juu ya ule mchanga wa mafuta, miguu kainyoosha huku na huku, shimo liko katikati, na kanga yake imelifunika kabisa.

"Simama hapo hapo, Mnyamwezi!" akasema, na sauti yake ilifika stesheni. "Hapa umefika Uzaramo. Na hili shimo ndilo Bagamoyo. Huingii mpaka utoe hongo!"

Upande wa kamba ulilipuka. Wanyamwezi wenzangu walicheka mpaka machozi, wakawa wananipigia kelele, "Toa, Kalunde, toa! Babu yako alitoa!" Upande wa viti walikuwa wanatazamana.

"Tatu, dada yangu," nikamnong'oneza, "hii ni kazi yangu, inuka."

"Loo, anakasirika?" akawauliza watu. "Jamani, amekasirika?"

Nikacheka haraka. Ningefanyaje? Kumkasirikia mtani mbele ya Tabora nzima, si bora nihamie Bukene kule mbali siku ile ile. "Sijakasirika. Unataka hongo gani?"

"Ile ile ya zamani. Nguo."

Na mimi, mbio mbio, akili yote iko kwenye mlango na komeo, nikafungua kanga ya kiunoni nikampa. Nimeifungua kwa mkono wangu mwenyewe, hakunilazimisha mtu.

Tatu akaipokea, akaibusu, akainuka, na alipoinuka upindo wa kanga yake uliukumba mpira na mpira ukabingirika ukatumbukia shimoni. "Amefika Bagamoyo!" akapiga kelele, na upande wote wa kamba ukajibu kwa vigelegele, nami kwa furaha ya ujinga nikadhani nimeshinda, nikarusha mikono miwili juu, nikaruka.

Niliporudi chini sketi ilikuwa imetangulia.

Ndani nilivaa shimizi niliyoshona kwa kitambaa cha mfuko wa unga, nguo safi, imara, lakini maandishi ya kiwanda yalikuwa yamekataa kutoka kwa sabuni yoyote, na kwa kuwa nilishona gizagiza yaliangukia pale ninapokalia, kwa Kiingereza, herufi kubwa. Mimi sikujua yamesema nini. Memsahib walijua, maana kwenye viti kofia zote ziliinama pamoja zikitikisika. Watu wa kambani wakamuuliza Mama Ester, "Mama, pameandikwaje?" na Mama Ester, ambaye hawezi kusema uongo, akawasomea: "Unga. Daraja la Pili."

Nikaipandisha sketi nikaishikilia kwa mikono yote miwili, na nikiwa nimesimama hivyo hivyo ndipo Bibi Kofia akafika mbele yangu, uso hauna kicheko.

"Kalunde. Mimi nasikia neno moja. Wewe natoa hongo kwa huyu?"

Sasa mimi nilijua hongo ya babu. Yeye alijua hongo ya kitabu chake, ile ya karani na hakimu. Na kwa kweli mjini siku zile neno lilikwisha kuwa na maana hiyo ya pili, nami naijua, ila kwa fadhaa ya sketi haikunijia kabisa.

"Ndiyo, memsahib," nikasema, kwa adabu zote. "Nimetoa. Lakini ni ndogo tu."

"Ndogo!"

"Ni desturi, memsahib. Ukitaka kupita lazima utoe. Hata Wazungu wa kwanza kufika hapa Tabora walitoa njiani, tena nyingi sana."

Alibadilika rangi toka shingoni. Tatu akaona mambo yanaharibika, akaja kuniokoa, na Mungu awaepushe na kuokolewa namna hiyo. "Memsahib, usimwonee," akasema, "huyu ni mtani wangu. Mali yake ni mali yangu."

"Nyinyi nagawana?"

"Ndiyo, tunagawana," akajibu Tatu kwa fahari.

Bibi Kofia akamgeukia Mama Ester, mtu wa Kiingereza, mtu wa kanisa. "Wewe naambia mimi kweli. Hongo ni nini?"

Nilimtazama Mama Ester. Angeweza kueleza misafara na babu zetu wote kwa sentensi mbili. Akafikiri kidogo, akakunja mikono yake.

"Hongo," akasema, "ni hongo, memsahib."

Wala hakusema uongo. Mpaka leo simshitaki popote. Kazi akapewa yeye palepale, na mimi nikaambiwa kwamba mwalimu wa chama hawezi kuwa mtu wa hongo, nikaondoka uwanjani nimeshika sketi mbele na nyuma, na nyuma yangu kuna watu wanaita "Daraja la Pili! Daraja la Pili!" jina ambalo baadhi ya wauza tumbaku wananiita hata sasa nikipita.

Kicheko kiliniisha njiani. Nilikuwa nimeshakichagua chumba, mtaa wa Ng'ambo, nimeshaongea na mwenye nyumba, na nilipofika kwa kaka nilikaa kizingitini nikalia kilio cha kweli, si cha utani. Wifi yangu alikuwa ameshapata habari zote. Akanitazama, na safari hiyo hakuuliza.

"Wifi," akasema, "mume alikuacha. Leo na Wazungu wamekuacha. Sijui tutakupeleka kwa nani."

Jibu lilitoka uani, maana Tatu alikuwa amenifuata, na kanga yangu iko mkononi mwake, na mchanga wa mafuta bado umemganda nyuma.

"Kwangu," akasema. "Nyumba ya reli ina chumba kitupu. Kalunde, kusanya vitu vyako."

Nikamtazama nikisubiri utani ufuate, lakini haukufuata. Alinipigia magoti pale pale, wifi yangu akiona, akasema, "Dada, nisamehe," na hilo liliniuma kuliko sketi, maana mtani haombi radhi, siku akiomba ujue ameona jeraha. Nikamwinua. Tulikusanya vitu vyangu vikatosha kwenye furushi moja, na Mama Josefu akabaki mlangoni akitusindikiza kwa macho, kakosa swali.

Kesho yake Tatu alikwenda kwa Bibi Kofia kumweleza utani tangu mwanzo, akarudi jioni kachoka. Alisema memsahib alimsikiliza vizuri sana, akafungua kitabu chake, neno mtani halimo. Basi.

Hivyo kwenye gofu nilipata Jumamosi chache na jina baya, na chumba nikapewa na yule yule aliyenikosesha mshahara wa kukilipia. Tatu nampenda kuliko ndugu. Lakini nimekula kiapo, na mnishuhudie: siku nikipata kazi nyingine, iwe ya fimbo, iwe ya jembe, nitavaa nguo iliyokatwa kwa kiuno changu, na kwa watani wangu wote, Tatu akiwa wa kwanza, nitaaga kwamba nakwenda Bukene kumuuguza shangazi, na kwa hesabu yao nitakuwa huko Bukene mpaka mshahara wa kwanza uwe mkononi. Shangazi mwenyewe sina.