Githeri Bila Chumvi

Leo mke wa mwanangu ameniletea githeri ya mahindi na maharagwe isiyo na chumvi, akasimama kuniangalia nikila. Harufu yake imenirudisha utotoni Mutuini, kando ya kitanda cha nyanya, mamake baba.

Nyanya alizoea kuonja chakula cha mama mbele ya wageni, kisha akakitema. "Huyu hajui kupika!" Moyo wake ulipodhoofika, miguu ilivimba hata ukiibonyeza shimo linabaki. Muuguzi wa hospitali ya mjini akamkataza chumvi kabisa.

Mama alitii kwa furaha. Alimwegemeza nyanya kwenye mito, akampangusa jasho, akamlisha kwa kijiko.

"Mwanangu, chumvi kidogo tu," nyanya aliomba. Hakuwahi kumwita hivyo.

Mama alitabasamu. "Tema basi, mama. Leo hakuna wageni."

Nyanya akameza.