Video Iliyokatika Kabla ya Dhahabu

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani mwalimu akiniuliza swali jibu ninalo, lakini likifika mdomoni linarudi lilikotoka. Ndiyo maana nilipofungua chaneli yangu ya video, nikiwa kidato cha tatu, sikuweka sura wala sauti. Niliweka mikono ya mama.

Mama huosha marudio hapa Nyarugusu, yaani mchanga ambao wachimbaji wameshautoa dhahabu yao. Yeye anatafuta waliyoiacha. Anakaa kwenye kishimo chake cha maji, anazungusha karai. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapanda ukingoni, yanamwagika kidogo, yanarudi. Ukitazama sana unasahau kama linalozunguka ni karai au ni wewe. Nilikuwa narekodi hayo tu, na watazamaji walikuwa wachache mno, nafikiri wengi wao ni mimi mwenyewe.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anatengeneza simu Katoro. Ndiye aliyenieleza habari za algorithimu.

"Ni mashine inayogawa video. Inampa mtu wa kwanza. Akikaa, inampa wa pili. Akiondoka, umezikwa hapohapo."

"Sasa nifanyeje?"

"Dhahabu ionekane mwanzoni kabisa. Na wewe uwepo pembeni, umeshangaa, mdomo wazi."

"Mimi?"

"Basi hata mdomo peke yake uje," akasema, akacheka.

Haikuwezekana. Mama alinipa sharti moja tu: maji yakishakuwa mepesi na mchanga mweusi ukabaki mle chini karaini, niweke simu chini. Huku kwetu dhahabu haionyeshwi kabla haijauzwa. Wengine wanaamini hukimbia ikitazamwa. Mama anasema wanaokuja mbio ni watu. Kwa hiyo video zangu zote zilikatika kabla ya mwisho.

Jumamosi moja jua lilikuwa limelala juu ya maji, na nilipozima simu wimbi la karaini lilikuwa linapanda kama lilivyokuwa linapanda mwanzoni. Video ikawa haina mwanzo wala mwisho. Inazunguka, inazunguka. Niliiweka kwa sababu ilinifanya nisikie usingizi mzuri, ule wa mchana baada ya mvua.

Jumapili, tulipotoka kanisani, kaka akapiga. "Umefanya nini wewe? Watu hawatoki, wanaizunguka tu. Na mashine ikiona mtu hatoki inaita wengine."

Kumbe walikuwa wanasubiri dhahabu. Kwenye komenti walibishana. Mmoja alisimamisha picha akaona kitu kinameta upande wa kushoto. Mwingine, wa Mwadui, akaandika kwamba hiyo wala si dhahabu, ni almasi, wao wanazijua. Nilisoma huku najiona naelea. Siku ile mama hakupata kitu. Kilichometa lilikuwa jua.

Lakini mashine iliwapa video hata majirani zetu, na hapa kwetu anayeficha ndiye aliyepata. Haikupita muda wakaja na makoleo, wakaanza kuchimba marudio kuzunguka pale anapokaa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Eti hapa ndipo penye ile ya kwenye simu?"

"Ya kwenye simu iko kwenye simu, baba."

Walicheka, hawakuondoka. Kishimo cha mama kikajaa tope. Akazungusha karai, maji hayakutulia, akaacha. Siku ya pili hivyohivyo. Mama anajua kuosha tu, na sasa hakuwa na pa kuoshea.

Nilidhani atanifokea. Akaomba aione. Akaitazama ikizunguka, mara nyingi, kichwa kikiyumba kidogo.

"Mikono yangu imezeeka," akasema. Kisha: "Hata mimi ningekuja na koleo." Akanirudishia simu. "Kesho, ng'wana wane, mwanangu, unarekodi mpaka mwisho. Mbele yao."

Nilipompigia kaka, alisikitika. "Ukionyesha kwamba hakuna, nani atasubiri tena? Chaneli imekwisha hiyo."

Nilijua anasema kweli. Ilikuwa mara ya kwanza watu kukaa wakiningoja mimi.

Kesho yake walisimama wakituzunguka, wameegemea makoleo. Mama akaosha mchanga wa palepale walipokuwa wanachimba. Maji yakawa mepesi. Mkono wangu ukataka kushusha simu kwa mazoea, nikauzuia. Mchanga mweusi ukajitandaza mle karaini kama kivuli cha wingu shambani. Mama akaugeuza, akaugeuza tena. Mama akaniangalia, na mimi nikasikia sauti inatoka, yangu, nyembamba:

"Leo hakuna. Na Jumamosi ile hakukuwa na kitu."

"Kumbe anaongea huyu," mzee mmoja akasema, na wote wakacheka, hata mama.

Video nikaiweka vilevile, na sauti yangu ndani yake. Mashine haikuigawa sana. Watazamaji wakarudi kuwa wachache. Wenye makoleo waliondoka mmojammoja, wengine wakiaga, wengine kama waliokuwa wanapita tu. Mama akachota tope lote, akajaza maji mapya, tukakaa tukisubiri yatulie. Yalichukua muda. Mawingu yakaonekana humo ndani, kisha uso wake, kisha wangu.

Akaingiza karai.

"Washa," akasema.