Mstari wa Ishirini na Tano

Mafuriko yalipopungua mwaka ule wa 1998, Sadia hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kukamua. Wengine walisombwa na maji, waliobaki wakamalizwa na maradhi. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Basi mwanamke aliyeuza maziwa soko la Garsen miaka kumi na tisa akaenda kuomba kazi shule ya sekondari. Mwalimu Zakaria wa kemia akampa mwezi mmoja wa majaribio: aoshe vyombo vya maabara, tena ajifunze kuwapimia wanafunzi dawa za kemia. Akishindwa kupima, aondoke.

Kupima? Sadia nusura acheke.

"Mimina mpaka mstari wa ishirini na tano," mwalimu alimwambia, akimpa silinda nyembamba ya kioo yenye mistari ubavuni.

Sadia akamimina. Maji yakafika mstarini, na mkono ukaongeza kidogo. Mwalimu akayaweka kwenye mizani, akatoa uzito wa chombo: gramu ishirini na saba badala ya ishirini na tano.

"Umezidisha, mama."

Akarudia. Ishirini na saba tena.

"Kwani mwalimu hupendi kuzidishiwa?"

Zakaria hakucheka. Watu wa vitabu wana tabu zao.

Sokoni, kikombe kikijaa ndipo unapoanza kutoa. Ile nyongeza ya juu ndiyo utu wako, na mama anayekomea ukingoni hupewa jina la mchoyo, likafika kijiji cha Kilelengwani kabla yeye hajafika nyumbani. Mnunuzi naye ana adabu zake. Maziwa yakimiminwa, anatazama pembeni na kuulizia hali ya watoto. Ukikikodolea kikombe macho, umemwita muuzaji mwizi.

Maabara ilitaka kinyume cha hayo yote. Silinda ikae juu ya meza iliyo sawa. Uiname mpaka jicho lilingane na mstari. Maji hubonyea katikati, kwa hiyo usome pale chini yalipobonyea, usidanganyike na kingo. Tone la mwisho ulidondoshe kwa kibomba cha mpira, moja tu.

Kila alasiri wanafunzi walipotoka, Sadia alibaki na meza ndefu na kile kioo. Anamimina, anainama, anamwaga, anaanza upya. Hakuna aliyemuuliza ameshindaje. Siku moja alijikuta akiisalimia silinda kwa Kiorma, lugha ya kwao, akaona haya, akatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu, na hilo likamuuma kuliko aibu yenyewe. Alikuwa mpweke, mpweke wa kutosha kulia, na alilia, huku akipangusa meza.

Siku ya mwisho Zakaria alimpimisha mara kumi. Mara zote kumi ikawa ishirini na tano, bila ziada.

"Kazi ni yako, mama."

Furaha ikamjaa mpaka kooni. Amwambie nani? Darmi, bila shaka, aliyekaa naye bega kwa bega sokoni miaka yote ile, na ambaye bado alikuwa na ng'ombe wawili. Sadia akachukua chupa yake, akaenda sokoni mbio kama msichana.

"Sadia! Ulipotelea wapi?" Darmi alimkaribisha, akaanza kumimina maziwa kikombeni. "Una habari gani?"

Sadia alifungua kinywa aseme. Lakini magoti yalikuwa yamekunjika tayari, na jicho lake lilikuwa sawasawa na ukingo wa kikombe.

Mkono wa Darmi ukasita. Akina mama jirani wakageuka kutazama.

"Dada, unanikagua mimi?"

"Hapana, Darmi, ni mazoea, huko shuleni..."

Darmi hakungoja. Alijaza kikombe mpaka ukingoni, akakimimina chupani, akafunika chombo chake.

"Kimejaa," alisema. "Umeona mwenyewe."

Kisha akamgeukia mteja mwingine, akamuulizia hali ya watoto. Sadia akabeba chupa yake kwenda nyumbani. Habari ya kazi hakuwa ameisema.