Sufuria Yangu na Lori la Bwanausi

Mume wangu Mwinyimvua ni fundi wa magari hapa Bagamoyo, na sufuria yangu ya kupikia kunde aliigeuza chombo chake cha kazi. Nikisema hivyo watu hucheka. Mimi sicheki.

Mwaka wa hamsini na tatu lori la Bwanausi lilikuwa likichemka kila likienda Mkange. Bwanausi aliliendesha mwenyewe. Siku moja akaja amefura. "Fundi, likichemka tena, nalipeleka Dar es Salaam. Kwangu huna kazi!" Na sisi kazi nyingine hatukuwa nayo, ila kurudi kushika jembe.

Basi ikaanza habari ya themostati. Ni kidude cha shaba kinachoziba njia ya maji ya injini. Kikipata moto wake, kinafunguka. Mwinyimvua alikuwa nazo mbili, moja ya digrii mia na sitini za Farenhaiti, nyingine mia na themanini. Bwanausi akang'ang'ania ya sitini. "Pwani yetu hii joto, weka inayofunguka mapema, au ing'oe kabisa!" Mume wangu akashikilia themanini: injini isipopata moto wa kutosha, petroli inaliwa bure. Siku nne wanabishana barazani kwangu, siku nne vidude vinachemshwa jikoni kwangu, ati kuona kipi kinafunguka lini. Akafunga hiki, lori likachemka. Akafunga kile, likachemka vilevile. Jamani, nilichoka!

Siku ya nne alikwenda kuswali alasiri akausahau moto. Maji yakakauka. Nikaikuta sufuria imeshika ukoko mweupe mpaka mdomoni.

"Baba Hija, njoo uone ulivyonifanyia!"

"Chumvi tu hiyo, mama Hija. Isugue."

"Niisugue! Maji ya kisima hiki hata kunde hayaivishi, wewe unachemshia vyuma?"

Akanitolea macho. Maji hayohayo ya kisima cha uani ndiyo Bwanausi aliyokuwa akijaza kwenye rejeta ya kupozea injini kila asubuhi. Akaifungua rejeta, akakuta njia zake zimezibwa na ukoko uleule. Siku mbili alishinda akikwangua na kusuuza, kisha akafunga ya themanini. Lori likaenda Mkange, likarudi, halikuchemka.

"Huyu fundi ana kichwa!" Bwanausi akawa anatangaza mtaani. "Tangu mwanzo alisema themanini!" Mume wangu akatabasamu tu. Sufuria yangu haikutajwa.

Hilo nililimeza. Lakini kesho yake alfajiri nikamwona anaingia na ndoo mbili za maji matamu ya kisima cha bondeni. "Ya lori," akasema huku anahema.

Miaka kumi na moja namwomba maji yale nipikie, ananiambia kisima kiko mbali. Uchungu ulinipanda mpaka machozi yakanitoka. Nikamnyang'anya ndoo moja, nikainjika kunde.

"Sasa lori je?" akauliza.

"Rudi bondeni, fundi. Njia si umeshaijua?"