Waya wa Kibandani, Kapata

Watu wa kanisani huniambia nisamehe. Nawaitikia amina, kisha naendelea na yangu.

Kule Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi Kolwezi, tulikuwa na nyumba ya kampuni, na mwisho wa bustani, nyuma ya mihogo, kulikuwa na kibanda cha matofali nilichotaka kushonea nguo. Mume wangu alikuwa fundi umeme mgodini. Alisema atanivutia umeme mpaka kibandani, na pamoja nao waya wa simu, ili aliye jikoni aniite bila kupiga kelele kama muuza makaa. Jirani yetu, baba wa ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza, alikuja na jembe lake. Walichimba mtaro ulionyooka, wakalaza nyaya zote mbili pamoja, wakafukia. Nikawapikia bukari, ugali wetu wa kule, na samaki.

Lakini simu ilivuma. Ukiinua husikii mtu, unasikia mngurumo tu, maana umeme uliokuwa pembeni yake uliisumbua. Mume wangu alicheka, akasema amefanya kosa la mwanafunzi. Siku jirani alipokuwa kazini kwenye mgodi wa Mashamba, mimi na mume wangu tuliung'oa ule wa umeme tukaupitisha njia nyingine. Jirani hatukumwambia. Wala hatukumficha, nani humsimulia jirani habari za waya? Cherehani yangu ikaanza kukimbia, nikawashonea wanawake wa nusu ya mtaa.

Kisha kampuni ikaanza kufa, na walioiua wakatafuta wa kumlaumu. Sisi wenye asili ya Kasai tukaitwa bilulu, wadudu. Mume wangu alizaliwa Kolwezi, na baba yake aliletwa na kampuni yenyewe, lakini mdudu haulizwi alizaliwa wapi. Kikulacho ki nguoni mwako: vijana waliokuja kutufukuza waliongozwa na jirani yetu. Nilimwona akiwaonyesha mlango wetu kwa kidole. Alisema kesho tuwe tumetoka, nyumba sasa ni yake.

Mchana huo huo mume wangu aliukata waya wa umeme ncha zote mbili, chini kabisa, akazipaka sementi zisionekane. Waya mpya haukupatikana tena Kolwezi. Kila chenye shaba kilikuwa kimeshaibwa. Asubuhi jirani alikuja kuchukua funguo. Alijaribu taa ya kibandani, haikuwaka. Humo alitaka kuweka frigo la kuuzia samaki. Akaniuliza njia ya umeme kwa upole, kana kwamba bado tuko mezani:

— Mama, courant inapita wapi?

— Uulize bilulu, tata. Njo banaikalaka mu bulongo.

Alicheka kusikia kwamba wadudu ndio wakaao udongoni, akaenda kuleta jembe. Mtaro si aliuchimba mwenyewe? Tulipokuwa tunafunga mizigo nilimsikia akiikata mihogo yangu, na tulipotoka alikuwa ameshika ule waya mwembamba wa simu, anauvuta tu. Nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi sana.

Furaha hiyo haikufika mbali. Stesheni ilijaa watu waliolala chini wakisubiri treni ya Kasai, na maji yalikuwa machafu. Mume wangu alianza kuharisha pale, akafia njiani, tukamzika Mwene-Ditu, huko Kasai, katika nchi ambayo hakuwahi kuiona.

Miaka mingi baadaye nilirudi Kolwezi kuuza vitenge, nikapita Kapata. Jirani alikuwa amezeeka. Bustani yote ilikuwa mashimo, ungedhani uko kwenye machimbo ya Mutoshi, na kibandani kulikuwa giza. Aliniletea maji, na kiti akakiweka ukingoni, palipobaki tambarare. Alisema ya zamani yamepita, sote ni watoto wa Mungu. Kisha akashindwa kujizuia.

— Mama, ile waya ilipita wapi?

— Ule mwenye kujua, tulimuzika.

Akainamisha kichwa. Nikayanywa maji yake polepole, nikamrudishia kikombe. Kile kiti alikuwa amekiweka juu ya waya wenyewe.