Mikono ya Wifi

Wivu ninao, simung'unyi maneno. Wifi yangu, mjane wa kaka, tunamwita Mama Sabuni kwa kuwa anafua mashuka ya nyumba ya wageni. Ndiye anayemuuguza mama. Mama yangu mimi, si wake! Kaka alipofariki tulidhani atafunga virago arudi kwao. Badala yake alisogeza kitanda cha mama chumbani kwake, karibu na dirisha, na hakutuomba ushauri.

Mama haoni tena, na miguu imegoma. Kila Jumapili nampelekea matunda na losheni ya dukani kwangu. Ananishukuru vizuri, kama mgeni. Kisha anageuza uso na kuuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Anamuulizia wifi. Mimi nimekaa papo hapo, roho inaniuma.

Tena wifi mwenyewe humkanda mama akiwa amejifunga vitambaa viganjani. Nilikwishamtangaza kwa ndugu wote kwamba anamwonea mama kinyaa.

Jumapili iliyopita nilimkuta amesinzia jikoni, kichwa mezani, mdomo wazi. Nikaona bahati ndiyo hii. Nikavaa sweta lake linalonuka sabuni, nikaingia chumbani kimya kimya. Nikapitisha mkono mgongoni kwa mama, nikamgeuza upande kama wifi anavyomgeuza, huku nikinong'ona ile sala yake ya kila siku, anamomtaja kaka mpaka leo. Mama akashusha pumzi.

"Ahsante, mwanangu."

Neno lilikuwa la wizi, lakini nililipokea.

Mama akanishika kiganja, akakipapasa kidole kimoja kimoja.

"Laini," akasema. "Kumbe ni wewe, wa losheni."

Nikakosa pa kuweka uso.

"Nilitaka nikusaidie tu, mama."

"Mwenzio mikono imepasuka kwa dawa za kufulia, inakwaruza. Anaifunga vitambaa nisiumie. Anadhani sijui kwa nini." Akageuza uso kuelekea mlangoni. "Yuko wapi?"

"Amelala jikoni."

"Amelala?" Uso wake ulichangamka kwa namna ambayo losheni zangu zote hazijawahi kuuchangamsha. "Basi usimwamshe. Endelea wewe, mwanangu. Taratibu, asisikie."

Nikaendelea taratibu. Mwanangu nimeitwa, tena safari hii kwa haki, ila ni ili yule apate usingizi.