Muvi Isiyo na Mabusu

Wifi yangu asinisogelee wiki hii. Nimeshasema.

Leo alijitolea kutuchagulia muvi ya kutazama familia nzima, watoto na mama mkwe wote mkekani. "Hii ya historia, Bagamoyo ya miaka ya 1880. Haina mabusu, haina vichupi."

Mama mkwe akaridhika. Hapa ukweni Kaole, Bagamoyo, muvi ikikosa mabusu basi ni ya familia.

Haya. Ukatokea msafara kutoka bara. Watu wana minyororo shingoni, wanachapwa viboko.

Wifi akacheka. "Wifi, ndugu zako hao wanafika!"

Mimi kwetu Tabora, huko huko bara, mnajua.

Wakacheka wote. Na mume wangu naye, eti!

Binti yangu akaniuliza, "Mama, kwani walikosa nini?"

Wenzangu macho kwenye muvi. Rimoti iko mapajani mwa wifi, na wala hakupeleka mbele.

Baadaye kidogo, bwana mmoja kwenye muvi akamkumbatia mkewe. Kumkumbatia tu! Wifi akaidaka rimoti mbio. "Astaghfirullah, watoto wapo!"

Mnaomtetea njooni kwenye komenti, nipo.

Na wewe wifi, najua unasoma: watoto walikuwepo tangu mwanzo.